Kyalami na Ndoto ya Langalanga: Nimeipasua Michoro ya Ukarabati

Haya watu wangu, karibuni tena. Mmenijazia maoni wiki nzima kuhusu ule uwanja wa mbio za magari wa Afrika Kusini: Kyalami, Kyalami, unaichambua lini? Leo ndiyo leo. Na wewe mwenye tabia ya kurukisha video mbele, tulia kidogo, kuna kitu kiko hapa mezani nitakuonyesha.

Nianze na kilichonikera. Mtu akikuambia uwanja wa mbio unakarabatiwa, unasubiri nini? Picha za kompyuta. Jengo la vioo, helikopta juu ya paa, watu wasio na sura wanapiga picha. Sasa Juni 2025 FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, wameikubali michoro ya kuipandisha Kyalami kutoka daraja la 2 hadi daraja la 1, lile daraja ambalo bila hilo magari ya Fomula 1, yaani langalanga, hayashindani hapo. Nikaingia kusoma kwa pupa. Nakuta nini? Uwazi wa kando ya kona. Vizuizi. Uzio. Kingo. Mifereji ya maji. Mifereji, jamani! Miaka zaidi ya 30 Afrika haina langalanga, halafu mnaniletea habari za mifereji?

Historia sitaikalisha sana, wengi mnaijua. Iko Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, imefunguliwa 1961, mbio za ubingwa wa dunia zikafika hapo 1967, za mwisho 1993 akashinda Mfaransa Alain Prost. Uwanja ukachakaa, ukaja kupigwa mnada 2014, Toby Venter wa Porsche Afrika Kusini akaununua kwa randi milioni 205. Akaujenga upya, 2016 ukafunguliwa. Kwa hiyo ukisikia "uwanja mkongwe" usidhani ni magofu. Gereji zipo, lami ni nzuri, 2019 mbio za saa 9 zilirudi pale na zilikuwa tamu.

Kilichobaki ndicho hiki. Sogeza macho hapa. Kamera ishuke kidogo... hapo hapo.

Hii ni ramani yake, kilomita 4.5 na ushee, kona 16. Kidole changu kiko hapa: Mineshaft. Ukimaliza kona ya Leeukop huku juu, njia inaporomoka. Inaporomoka hasa, si mteremko wa kubembeleza, halafu chini kule unakutana na kona za Crocodiles. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote Kyalami, na ndicho kinachoeleza kwa nini fedha zinakwenda kwenye mambo yasiyopendeza kwenye picha.

Nina ubao, nina gari la kuchezea. Ubao uko sawa, hauna mteremko. Nalisukuma... limesimama kwenye alama nyekundu. Sasa naweka vitabu viwili chini ya upande huu, ubao uiname. Nalisukuma vilevile, sijaongeza nguvu... Umeona? Limepita alama, limepita ukingo wa ubao, liko sakafuni. Ngoja nilifuate.

Gari likikosa kona kwenye tambarare, kinachopambana nalo ni kasi yake tu. Likikosa kwenye mteremko, na uzito wake nao unalivuta kwenda mbele. Sasa ongeza hesabu hii. Nguvu ambayo gari linabeba haiongezeki sambamba na kasi, inaongezeka kwa kasi mara kasi. Chukua gari linalokwenda kilomita 240 kwa saa, kisha lingine la uzito uleule linalokwenda 300. Utasema tofauti ni robo tu. Hapana! Nguvu ya kuizima imezidi kwa zaidi ya nusu. Na kwa 300, kila sekunde gari linakula mita 83. Dereva akipoteza nusu sekunde tu, mita 40 zimeshakwenda na hajagusa breki.

Kwa hiyo uwazi unaomtosha dereva wa magari ya GT, yale ya mbio yanayofanana na ya barabarani, haumtoshi Verstappen kwenye gari la Fomula 1. Inabidi usogeze ukuta nyuma, uimarishe vizuizi, upandishe uzio ili gurudumu likichomoka lisiende kwa watazamaji. Na mifereji niliyoicheka? Mteremko unamaanisha mvua yote inakimbilia chini, palepale madereva wanapofunga breki. Hapo hasira zangu zikaanza kushuka.

Na Kyalami hii si mahali pa kufanyia mzaha usalama. Tarehe 5 Machi 1977, kwenye njia ile ya zamani, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akihudumu uwanjani alivuka njia na mtungi wa kuzimia moto. Dereva wa Fomula 1 Tom Pryce akatokea kwenye mwinuko, hakuweza kumwona mapema. Wote wawili walifariki. Tuishie hapo.

Ninachowapongeza Apex Circuit Design, hawa Waingereza waliochora: umbo la njia hawajaligusa. Hawakutuletea vile vikona vitatu vya kupunguza kasi ambavyo kila mchoraji anavipachika akikosa wazo. Lakini nawaonya mapema. Huo uwazi wa Mineshaft mkiujaza lami tupu, mmeniudhi. Dereva akikosea anatoka nje, anazunguka, anarudi kama hakuna kitu. Mliiona Austria 2023, matukio ya kuvuka mipaka ya njia yalipita 1,200 kwenye mbio moja! Mwaka uliofuata wakaweka ukanda wa kokoto, makelele yakapungua. Wekeni kokoto. Kokoto haina rufaa.

Nipumue. Kidogo kuhusu chaneli: mliolalamikia mwangwi, maikrofoni ni mpya, niambieni kama mnasikia vizuri. Na ile video ya matairi imechelewa, najua, msinitukane.

Turudi. Mpinzani wa Kyalami wa kuirudisha Fomula 1 Afrika ni nani? Rwanda. Desemba 2024, kwenye hafla ya FIA Kigali, Rais Kagame alitangaza kwamba nchi yake inaomba mbio hizi, na uwanja umepangwa karibu na uwanja mpya wa ndege kule Bugesera, mchoraji ni Alexander Wurz, aliyekuwa dereva wa Fomula 1 mwenyewe. Moyo wangu uko Rwanda, sifichi, wanaanza kwenye ardhi tupu na wanaweza kuchora wanachotaka. Ila kichwa kinaniambia Kyalami. Kukarabati ni nafuu kuliko kujenga kuanzia udongo, na hapa wana miaka 3 tangu michoro ikubaliwe kumaliza kazi.

Ingawa... ngoja. Bei. Hapa ndipo ninapoishiwa furaha. Daraja la 1 ni ruhusa ya kuandaa, si mbio zenyewe. Ukishapata cheti, bado mwandaaji analipa ada ya kupewa mbio, kila mwaka, na ada hiyo ndiyo inayoua viwanja duniani, si zege. Michoro hii haijibu nani atalipa. Serikali? Wadhamini? Au mimi na wewe kwenye tiketi?

Na watazamaji je? Nimetafuta majukwaa, vyoo, njia za kuingilia maelfu ya watu kwa siku tatu. Habari kubwa zote ni za njia yenyewe. Usalama nawapa 9 kati ya 10, ile 1 naishikilia mpaka nione kokoto. Mtazamaji nampa 4, kwa sababu viti vya kukodi na foleni vinamfukuza mtu haraka kuliko bei ya tiketi.

Haya, andikeni hapo chini: Kyalami au Bugesera? Atakayejibu "Monaco" namzuia.