TAHADHARI: Ekseli za trela la boti zinazouzwa mtandaoni kama galvanaizi, ni skrepa limepigwa silva

Wadau habari zenu. Naomba muisome hii hasa nyie wa pwani wenye viboti vya fiber mnaofufua matrela ya zamani nyumbani, maana huyu jamaa bado anauza na jana tu nimeona katangaza tena mzigo mpya.

Mi niko Tanga. Marehemu mzee wetu alituachia boti ya fiber ya futi 16 na trela lake, boti tulikua tunaitumia ila trela limekaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba miaka sita. Mwaka huu nikasema nalitengeneza mwenyewe. Wiki mbili nzima kila jioni nikitoka kazini nashika grenda na brashi ya waya, chesesi nikaikuta nzima, mkono wa mbele mzima, rola nikabadilisha, ila ekseli ndo ilikua imekwisha kabisa, ukigonga na nyundo kutu linadondoka mapande mapande, na bering za kushoto zimegandana na stabu, kile kipande cha ncha ya ekseli tairi linapozungukia, mpaka tukazikata. Trela la boti linaumia kuliko trela la mizigo ya kawaida, unatembea nalo barabarani habu, kile kitovu cha tairi zinapokaa bering, inapata moto alafu unalirudisha kinyumenyume baharini, hewa ya ndani ya habu inapoa ghafla inasinyaa na inavuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili. Usipolisuuza na maji yasiyo na chumvi na kubadili grisi chumvi inabaki humo inakula. Ndo maana nikasema ekseli mpya lazima iwe galvanaizi, ile ya kuzamishwa kwenye zinki ya moto, sio rangi.

Nikampata huyu jamaa mtandaoni, anasema yuko Dar. Akanitumia video, ekseli tatu zimepangwa juu ya turubai la bluu, zina ule ukijivu wa zinki na vimatone vilivyogandia kwenye kingo, kwa macho ni galvanaizi kweli. Bei 850,000 na habu mbili na bering zake. Nikamuuliza maswali yote akajibu vizuri, kwa heshima, bosi hivi bosi vile, nikatuma hela yote akapakia mzigo kwenye basi na risiti ya basi akanipigia picha. Mzigo ulifika kesho yake asubuhi, kwa hiyo sio kwamba jamaa anakula hela anapotea, anatuma kweli, na hapo ndo anapowapata watu.

Nimefungua viroba tu nikasikia harufu ya rangi. Zinki haina harufu ya rangi jamani. Nikajipa moyo nikasema labda imeshikia njiani kwenye buti la basi. Jioni akaja mzee mmoja jirani yetu aliyefanya kazi ya kuchomelea miaka mingi, akaiangalia bila kuishika akaniambia, "Mwanangu, chungulia ndani ya bomba." Nikawasha tochi ya simu. Ndani kahawia tupu, kutu la zamani kabisa, na mchanga.

Hili mlishike. Galvanaizi ya moto chuma kizima kinazamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, joto la kama nyuzi 450, kwa hiyo zinki inaingia mpaka ndani ya bomba. Na bomba lililozibwa ncha zote mbili lazima litobolewe matundu kabla ya kuzamishwa ili hewa itoke, lisipotobolewa linaweza kupasuka humo humo kwenye tangi. Ekseli ya bomba wameziba ncha kwa kuchomelea stabu, haina tundu hata moja, na wanakwambia imezamishwa, jua hapo hakuna kitu. Yangu walikua wamekata kipande upande mmoja ndo maana tukaona ndani.

Mzee akaomba kitambaa na thina. Kupangusa mara tatu silva yote imehamia kwenye kitambaa, chini yake hakuna hata praima, na pale stabu inapoungana na bomba ikatokea pasta, ile pasta ya kunyoosha bodi za magari! Tukaikwangua na bisibisi, chini yake mashimo ya kutu ukubwa wa punje ya mahindi na welding imepita juu juu tu. Hapo ndo sehemu inayobeba uzito wote, boti na injini na matangi ya mafuta. Mi nilikua napanga kuvuta lile trela mpaka Pangani na wanangu wamekaa kwenye gari. Stabu ikikatika pale barabarani tairi linakwenda lenyewe, na nyuma kuna bodaboda, kuna watu wanatembea kwa miguu. Kila nikiliwaza hili moyo unaenda mbio.

Bering nazo boksi mpya, limeandikwa L44649, ndani bering haina namba, imesagwa na msasa. Tukazisafisha na dizeli, rola zina rangi ya bluu bluu ya kuungua na kikombe kimeliwa. Ni zile zilizotolewa kwenye trela la mtu zikaoshwa zikapakwa grisi mpya.

Nikampigia. Akaniambia eti hiyo ni galvanaizi ya baridi. Sasa ipo rangi yenye unga wa zinki watu wanaiita hivyo, ni nzuri kupaka pale ulipochomelea, ila haifikii ya kuzamisha kwa trela linaloingia baharini, na hata hiyo haipakwi juu ya pasta. Nilipombana akabadilika akasema sawa bosi nakubadilishia, tuma 60,000 ya nauli na kubadilisha. Nikatuma. Baada ya hapo simu haipokelewi, siku ya pili kanibloki. Jamaa mmoja wa Bagamoyo nimemkuta kwenye komenti za tangazo lake, naye hivyo hivyo mpaka hiyo hela ya kubadilisha, kwake ilikua 80,000, na komenti yake ikafutwa.

Nimechukua RB polisi na namba yake nimeiripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Kama na wewe umeumizwa ripoti hata kama hela yako ni ndogo, na usiitupe ekseli wala boksi la bering, hicho ndo kielelezo chako.

Kama uko kwenye mazungumzo naye sasa hivi, mwambie apige video akiwa amewasha tochi ndani ya bomba, alafu apanguse na thina huku kamera inarekodi bila kukata. Mi nimemjaribu kwa laini ya shemeji yangu, akasema atatuma jioni, hajatuma mpaka leo. Namba anabadilisha na jina la ukurasa anabadilisha, ila ile video ni moja, ekseli tatu kwenye turubai la bluu, pembeni kuna ndoo nyeupe ya rangi imepasuka mdomo na jogoo anapita kwa nyuma. Ukiiona hiyo usitume hata shilingi.