Valvu ya kuongeza busti kwenye Forester SG5, na geji iliyoniokolea injini

Wakuu karibuni tena, leo niko na Subaru Forester yangu SG5 ya turbo, boneti iko wazi mnaiona, mtanisamehe kwa makelele ya bodaboda hapo nje. Wengi mmeuliza hii valvu ya kuongeza busti, yaani ule upepo ambao turbo inausukumia injini, inafaa au haifai, mimi nimekaa nayo miezi minne sasa nawaambia nilichokiona. Ila naanza na hili kabisa, kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, nunua geji ya kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Valvu iache dukani kwanza.

Haya, valvu yenyewe hii hapa, ngoja nisogeze kamera. Ni kidude cha alumini kama kidole gumba, ndani kuna gololi na springi, huku juu skrubu ya kukaza. Turbo ikianza kupuliza, upepo kidogo unapita kwenye hii hozi nyembamba unaenda kwenye kile kikopo chenye fimbo, upepo ukifika kiwango chake fimbo inasukuma mlango wa wesigeti, moshi wa ekzosi unapita pembeni badala ya kuzungusha turbo, na busti inaishia hapo. Sasa ukiikata hozi ukaweka hii valvu katikati, gololi inaziba njia mpaka upepo uishinde nguvu springi, yaani kikopo kinachelewa kupata habari na turbo inaendelea kupuliza tu. Ukikaza skrubu kidogo, busti inapanda. Ndo hivyo, hakuna umeme hakuna nini.

Halafu oneni hapa ubavuni, kuna katundu kama ncha ya sindano, mnakaona? Hako kana kazi. Ukiachia mafuta gololi inafunga, na ule upepo uliobaki kwenye kikopo lazima utokee mahali ili mlango wa wesigeti ufunge tena. Vumbi likiziba hako katundu, ukikanyaga mara ya pili mlango bado uko nusu wazi na gari inakuwa nzito, utahangaika wiki nzima unabadilisha plagi bure.

Kwa kupandisha busti tu, kazi inaifanya. Yangu ilikuwa inasoma paundi 11 (psi, kipimo cha msukumo wa upepo), fundi akaikaza ikaenda 15, na gari ilibadilika kweli, gia ya tatu unasikia mgongo unaingia kwenye siti. Hapo ndo watu wengi wanaishia, wanarekodi video wanafurahi, na hapo ndo mimi nataka tukae.

Twende na hesabu kidogo, nyepesi tu. Hapa Dar tuko usawa wa bahari, hewa yenyewe bila turbo ina paundi kama 14.7. Ongeza 11, unapata 25.7. Ongeza 15, unapata 29.7. Ukigawanya unaona injini inaweza kumeza hewa zaidi kwa kama asilimia 15, na kila hewa iliyoongezeka inadai mafuta yake. Nani anayaleta? Valvu haileti hata tone. Kwenye hii Subaru kuna sensa ya hewa pale baada ya eafilta, inapima hewa inayoingia na kuiambia kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ikiongezeka nozeli za kunyunyiza mafuta zinafunguka muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mwanzoni gari inajisaidia yenyewe, ndo maana watu wanadhani mambo yako sawa. Lakini nozeli zina mwisho wake, pampu ya mafuta ina mwisho wake, na ramani ya taimingi (jedwali la lini plagi iwashe cheche) ndani ya kontroboksi nayo ina mwisho wake, ukitoka nje ya ramani kontroboksi inabaki kutumia mstari wa mwisho iliyonao, ambao haukuandikwa kwa busti yako.

Sasa geji. Hii hapa kwenye nguzo ya kioo, na sensa yake ni Bosch LSU 4.9, tumeichomelea kitako chake kwenye bomba la ekzosi baada ya turbo. Petroli ikiungua vizuri kabisa ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta (ni namba ileile ya paundi za hewa, imetokea tu kufanana, msichanganye). Ukiwa unatembea taratibu mjini geji inacheza hapo kwenye 14.7. Ukikanyaga na busti imejaa unataka ishuke mpaka 11 na kidogo, kwa sababu yale mafuta ya ziada yanapooza ndani ya silinda. Yakipungua wakati busti iko juu, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati, ndo ile noki, na kinachovunjika ni ile sehemu nyembamba ya pistoni kati ya ringi na ringi. Usitegemee kuisikia, kelele za ekzosi zinaificha. Na hizi gari zilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya premium, ile inayofika oktani 100 (oktani ni uwezo wa petroli kuhimili noki), petroli yetu ya kawaida haifiki hapo, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo kuliko anavyoandika mtu wa Japani.

Siku nimefunga geji tukaipeleka gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, sio barabarani, tafadhali msijaribu haya kwenye barabara ya watu. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika geji inasoma 11.2, nikapumua. Ikafika 5,000, 11.7. Ikafika 5,500, 12.3, halafu 12.6, na bado inapanda, nikasema zima zima zima! Kwenye skana nozeli zilikuwa wazi asilimia 96 ya muda wote, yaani hazina pa kwenda tena. Na mimi nilishatembea na gari hiyo wiki tatu, paundi 15, nacheka. Aisee mikono ilitetemeka.

Tukafungua tukakuta pampu imechoka na filta ya mafuta nyeusi tii. Tumebadilisha vyote viwili, tukashusha busti mpaka 13, ikatulia 11.3 mpaka juu.

Jambo la pili ni hozi. Fundi aliyefunga valvu mara ya kwanza aliichomeka hozi bila kibano. Joto la Dar, foleni ya Ubungo, boneti inachemka kama jiko, hozi ikalainika ikachomoka upande wa kikopo. Sasa kikopo hakipati upepo kabisa, mlango haufunguki, busti inapanda bila breki. Kontroboksi ikakata mafuta, nilihisi kama mtu kanikamata shati kwa nyuma, gari ikajivuta ghafla. Kilichoniokoa ni huko kukata mafuta, na kuna watu wanalipa hela kinga hiyo izimwe. Usiizime. Vibano ni elfu mbili tatu, weka kila ncha.

Na wale mnaofunga gari Arusha halafu mnashuka nayo huku, nisikilizeni. Arusha iko juu, kama mita 1,400, hewa ni paundi 12 na nusu hivi. Hii valvu inajua tofauti tu na hewa ya nje, kwa hiyo paundi 15 zako za Arusha ni jumla 27.5, ukifika Dar skrubu ileile inakupa 29.7. Umeongeza asilimia 8 bila kugusa kitu, na joto juu yake. Legeza skrubu kabla hujaikanyaga huku chini.

Kuhusu geji, mambo matatu ya kuangalia. Sensa ikae imeinama, isilale wala kutazama juu kutoka chini ya bomba, maji ya ekzosi yakiigusa ikiwa ya moto inapasuka. Na isikae kwenye ekzosi bila umeme, injini ikiwaka lazima nayo iwe imewashwa, masizi yataiua. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, inavuta hewa ya nje na namba inakudanganya kuwa mafuta ni machache, so kabla ya kumlaumu mtu angalia gaskiti.

Uamuzi wangu: valvu nimeitoa jana, ndo maana iko mkononi. Haina ubaya wa kutengenezwa, ila haijui joto, haijui noki, haijui gia, ukiikaza inakaa palepale. Nimerudisha solenoidi ya kiwandani, yaani valvu ya umeme inayoongozwa na kontroboksi, na kontroboksi imeandikwa upya, sasa sensa ya noki ikisikia kitu busti inapunguzwa yenyewe. Geji inabaki, hiyo haitoki humu mpaka gari iuzwe, na atakayenunua nitamwachia. Ngoja niwashe muione ikipasha moto sensa.