Siku sita kwenye boti ya wazamiaji, Bahari ya Shamu

Kabla ya safari hii nilikuwa na mbizi 46 kwenye daftari langu, karibu zote za kwenda na kurudi: unapanda boti asubuhi, unazama mara mbili, alasiri uko nchi kavu unasuuza chumvi. Mimi na rafiki yangu niliyesomea naye kuzamia tukajichanga, tukachukua nafasi kwenye boti inayozunguka kaskazini mwa Bahari ya Shamu, upande wa Misri. Siku sita za kuzamia, kula na kulala humo humo. Jina la boti silitaji, maana kuna mahali nitawalaumu, na walikubali kosa wakarekebisha.

Niseme mapema kwamba ningekwenda tena. Si kwa ajili ya sitaha ya kuotea jua wala yale matakia meupe ya kwenye matangazo. Siku ya pili tu matakia yenyewe yalikuwa yameloa na kunuka suti za kuzamia. Unacholipia pale ni saa. Boti za kutwa hutoka Sharm el-Sheikh au Hurghada, na zikifika kwenye meli iliyozama ya Thistlegorm jua limeshapanda. Sisi tulilala juu yake.

Thistlegorm ni meli ya mizigo ya Waingereza. Ndege za Kijerumani ziliipiga mabomu usiku wa manane tarehe 6 Oktoba 1941 ikiwa imetia nanga, inasubiri kupita kwenda Suez na shehena ya vifaa vya jeshi. Watu tisa walikufa. Jacques Cousteau aliizamia miaka ya 1950, kisha ikasahaulika mpaka wazamiaji walipoirudia miaka ya 1990. Leo imelala kwenye mchanga, mita 30 hivi, na sehemu za juu zinaanzia kama mita 16.

Kengele iligongwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mabaharia wawili walikuwa wameshashuka jioni iliyotangulia kufunga kamba kwenye meli, na sisi tulishuka kwa kuifuata kamba hiyo mkono kwa mkono, kwa sababu mkondo ulikuwa unatuvuta kama bendera. Kwa dakika mbili tatu huoni chochote ila kamba na mapezi ya aliyekutangulia. Halafu ule weusi ulio chini unapata kingo, unapata mlingoti, na unagundua umekuwa ukiitazama meli muda wote.

Ndani ya ngama ya pili, yaani shimo la mizigo, kuna malori, na juu ya malori pikipiki zimepangwa bega kwa bega, magurudumu yana mipira yake. Niliangaza tochi kwenye usukani wa mojawapo. Kishikio cha breki kilikuwa bado kinatazama mbele, kama vile mtu ameegesha anarudi sasa hivi. Mapovu yangu yalipanda yakakwama kwenye dari la chuma, yakatanda kama zebaki. Wataalamu hawapendi hilo, kwa kuwa hewa inayonaswa humo huharakisha kutu, kwa hiyo kiongozi wetu hakuturuhusu kukaa ndani muda mrefu. Nilimwelewa, ingawa roho ilikataa kutoka.

Tulikuwa kundi moja tu la watu sita kwenye meli nzima. Tulipozama mara ya pili baada ya kifungua kinywa, nilihesabu boti tisa juu yetu, na kule chini foleni kwenye mlango wa ngama kama kituo cha basi. Wakati wa kupanda nilishika kamba nikapanda nayo taratibu, nikasimama mita tano dakika tatu kama ilivyo ada, nikaibuka, nikajikuta nimefika kwenye boti ya watu wengine. Kamba yetu ilikuwa imefungiwa kitaa kinachomwekamweka na tulikuwa tumeambiwa. Sikukitazama. Boti ya mpira ikaja kunichukua, na rafiki yangu hajaacha kunisimulia hadi leo.

Maisha ya botini yana utaratibu mmoja: maelekezo, kuzama, kula, kulala, halafu upya. Mbizi tatu mchana na moja usiku. Kuna raha moja ambayo hakuna aliyeniambia kabla, nayo ni kwamba vifaa unaviunga mara moja tu. Mtungi wako una nafasi yake kwenye benchi, na hauondoki hapo. Ukirudi, kijana wa kompresa anavuta mpira, anaujaza hapo hapo, na jaketi lako la kuelea linabaki limefungwa juu yake. Kwa mtu aliyezoea kubeba mitungi ufukweni mpaka mgongo unalia, hii peke yake ni likizo.

Mwili lakini una hesabu zake. Kwa mbizi nne kwa siku naitrojeni ya hewa unayovuta, inayoingia mwilini ukiwa chini, haipati nafasi ya kutoka yote kabla hujairudishia nyingine, na kufikia siku ya tatu kompyuta ya mkononi inakuwa bahili wa dakika za kukaa chini. Ndiyo maana karibu kila mtu alikuwa anatumia naitroksi, hewa iliyoongezewa oksijeni hadi asilimia 32. Kwenye meza za PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, mita 30 kwa hewa ya kawaida unapewa dakika 20. Kwa naitroksi hiyo unasogea karibu na 30. Gharama yake ni kina: ukichukua kikomo cha kawaida cha shinikizo la oksijeni, usipite mita 33 hivi, kwa sababu zaidi ya hapo oksijeni yenyewe inaweza kukutia kifafa majini. Kila mtungi unaupima mwenyewe kwa kipimo, unaandika asilimia na kina chako kwenye kitabu, unatia sahihi. Siku ya nne nilipima wangu ukasoma 36. Kijana wa kompresa aliomba radhi akanipa mwingine. Kwa mtungi ule kikomo changu kingekuwa mita 28, na mbizi iliyokuwa inafuata ilikuwa ya mita 30. Wapo waliokuwa wanatia sahihi bila kupima, wananakili namba ya mtu wa juu yao. Niliwaona.

Sasa lawama. Kabini yetu ilikuwa chini, karibu na jenereta, na kelele zake niliziweza kwa pamba za masikioni (za usiku tu, majini usithubutu). Kilichonikosesha usingizi ni mlango wa dharura, kidirisha kilicho darini. Siku ya kwanza tulionyeshwa maboya ya kujiokolea na mahali pa kukusanyika, basi. Usiku nikakumbuka Conception, boti ya wazamiaji iliyoungua California tarehe 2 Septemba 2019. Watu 34 waliokuwa wamelala chini walikufa, na uchunguzi ulionyesha hapakuwa na mtu wa zamu aliyekuwa macho akizunguka. Nikamwamsha mwenzangu.

“Ndugu yangu, hicho kidirisha cha darini kinafunguka kweli?”

Akasimama juu ya kitanda, akasukuma. Kilipanda inchi moja kikagonga kitu. Tukapanda juu na tochi. Wameweka kasha la mapezi ya akiba juu yake.

Asubuhi nilimwendea nahodha kwa adabu lakini mbele ya watu. Hakubishana. Kasha liliondolewa kabla ya chai, na mchana huo wageni wote walipitishwa kwenye njia zote mbili za kutokea, tukapanda moja moja kupitia kile kidirisha. Mzee mmoja mnene alipita kwa taabu, akasema bora amejua leo. Kwa upande wa mema yao, kuchaji betri kabinini kulipigwa marufuku, kulikuwa na meza ya kuchajia kwenye ukumbi wa juu, na nilipoamka saa nane usiku kwenda kukojoa nilimkuta baharia wa zamu yuko macho kweli, anapita na tochi. Lakini kama nisingeuliza, lile kasha lingekaa pale wiki nzima. Ukipanda boti yoyote ya aina hii, sukuma kidirisha kabla hujafungua begi.

Turudi majini. Abu Nuhas ni mwamba uliokula meli nyingi, na nne kati yake huzamiwa sana. Carnatic ndiyo ya zamani, ilizama Septemba 1869, miezi miwili tu kabla ya mfereji wa Suez kufunguliwa. Mbao za sitaha zimeoza zote zikabaki mbavu za chuma, na katikati ya mbavu samaki wadogo kama kioo wanapasuka makundi wakikuona, wanafunga tena. Wengi waliipenda hiyo. Mimi nilirogwa na Giannis D, iliyogonga mwamba mwaka 1983. Sehemu yake ya nyuma imelalia ubavu, na ukiingia chumba cha injini, ngazi, mabomba na reli vyote vimeinama upande mmoja. Macho yanaapa kwamba hapa ndipo sakafu, wakati sikio la ndani linakataa. Nilihisi kichefuchefu mita 20 chini ya maji, jambo ambalo sikujua linawezekana. Kiongozi alinigusa bega akanionyesha mapovu yangu: yalikuwa yanakwenda upande, kwa jinsi nilivyoona mimi. Nikayafuata kwa macho mpaka kichwa kikakubali kwamba juu ni kule.

Mbizi mbili nilizikosa. Sikio la kushoto lilianza kuwasha siku ya tano, ule uvimbe wa tundu la sikio unaokuja kwa kulowa mfululizo, na nikaamua kutulia nusu siku badala ya kulilazimisha. Daktari hakuna botini. Kuna oksijeni, kuna sanduku la dawa, kuna redio. Bima ya kuzamia waliidai kabla hatujapanda na waliikagua kweli. Beba matone ya kukausha masikio tangu siku ya kwanza, usingoje kama mimi.

Kuhusu malipo, bei ya tangazo haikuwa bei ya mwisho. Ada ya hifadhi, mafuta, naitroksi na bahashishi ya mabaharia vilikuja pembeni, na orodha yake ilikuwa mwishoni mwa karatasi kwa herufi za mchwa. Bahashishi sikuionea uchungu. Wale vijana walikuwa wakinivua mapezi kila nikipanda ngazi, siku sita, na jina langu wakalishika tangu siku ya kwanza.

Siku ya mwisho hatukuzama alasiri, kwa kuwa kanuni ya botini ni saa 24 bila kupanda ndege baada ya mbizi ya mwisho. Suti zilianikwa kwenye reli zote, boti ikaonekana kama ina wageni wasio na vichwa. Rafiki yangu alikuwa tayari anapekua ratiba za kusini, kule kwenye miamba ya Brothers, Daedalus na Elphinstone, kwenye mikondo mikali na papa, ambako boti nyingi zinadai uwe na mbizi 50 ndipo wakupokee. Nilikwenda kabinini kuhesabu daftari. Nina 63. Nimeomba kabini ya juu.