Bedford MK ya jeshi hapa Malindi: kila mtu anasikiliza injini, mimi naanza na breki

Kama unapanga kwenda mnadani kutafuta lori la zamani la jeshi, na kama unakaa Pwani, soma haya kabla hujatoa amana. Langu ni Bedford MK, lile la tani nne linalovuta kwa magurudumu yote, uso bapa, na tundu la duara juu ya paa alipokuwa akisimama askari. Lilianza kazi katika jeshi la Uingereza, likanunuliwa na watu wa safari za kuvuka Afrika kwa barabara, wakalichosha, mwishowe likafika mnadani. Sasa linabeba mawe ya timbo na mchanga hapa Malindi. Mvua ikinyesha linatumwa upande wa Marafa, ambako malori ya kawaida yanaogopa kwenda.

Lori nalipa nyota nne kati ya tano. Fundi walionisaidia kulifufua nawapa tatu, na sababu nitazieleza.

Wengi huniuliza kwa nini sikuagiza moja Uingereza, ambako malori ya jeshi huuzwa yakiwa na hali nzuri kuliko haya yetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, na MK changa kuliko zote bado ina umri wa kuzaa. General Motors, waliokuwa wenye Bedford, waliachana na malori hayo katikati ya miaka ya 1980. Kiwanda chao cha Dunstable, Uingereza, kikachukuliwa na kampuni ya AWD mwaka 1987, na AWD nayo ikafilisika mwaka 1992. Kwa hiyo unachagua kati ya yaliyokwisha kuwa ndani ya nchi na yenye logbuku safi. Si mengi.

Pale mnadani kila mtu alitaka lori liwashwe. Likawashwa, likanguruma, moshi ukatoka kidogo kisha ukakata, na bei ikaanza kupanda hapo hapo. Hakuna hata mmoja aliyelala chini kutazama mgongoni mwa magurudumu. Ajabu kwangu, kwa sababu injini ndiyo kitu chepesi zaidi katika gari hili. Ni dizeli ya silinda sita, lita 5.4, haina tabo (turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa), haina kompyuta wala sensa zake. Fundi aliyekulia kwenye Bedford za kubeba mizigo za zamani anaifungua huku anapiga soga. Yangu ilihitaji gasketi ya kichwa, nozeli kusafishwa, mikanda na mipira ya radieta, basi. Breki zilikula pesa zaidi ya mara mbili ya hizo.

Breki za MK ni za mafuta zikisaidiwa na upepo. Mguu unasukuma mafuta ya breki, na upepo wa kompresa unauongezea mguu nguvu. Maana yake una magonjwa ya aina mbili katika mfumo mmoja. Mzee mmoja aliyewahi kuhudumia malori ya jeshi alikuja kuliona kabla hatujaanza. Hakuuliza habari ya injini kabisa. Alipiga goti karibu na gurudumu la nyuma, akapapasa mgongo wa ngoma ya breki kwa kidole, akaninusisha kidole hicho.

“Mwanangu, hayo ni mafuta ya breki. Gari hili halikuharibiwa na kazi. Limeharibiwa na kusimama.”

Tulipovua ngoma nikaona alichokisema. Silinda ndogo ya gurudumu, pistoni upande mmoja imeganda hata nyundo ya shaba haikuitikisa, upande wa pili imetokeza na mpira wake umepasuka. Mafuta yaliyobaki ndani yalikuwa meusi kama kahawa tungu. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na hewa yetu hapa Pwani ni unyevu mtupu. Unyevu ukiingia, chuma ndani ya silinda kinaanza kula vidonda, na mpira ukipita juu ya vidonda hivyo unakatika hata uwe mpya. Ndiyo maana kuweka mipira mipya peke yake ni kutupa pesa. Zile silinda zilizokuwa na mikwaruzo midogo tulizisugua zikakubali. Zilizokuwa na vidonda tukazipeleka kwa fundi wa leith, mashine ya kuchonga chuma, Mombasa, akazichonga na kuzivisha bomba la chuma kisichoshika kutu. Tangu hapo mafuta ya breki nabadilisha yote kila mwaka, hata kama yanaonekana safi.

Upande wa upepo dawa yake ni bure. Chini ya kila tangi la upepo kuna koki. Jioni, kazi ikiisha, ifungue. Kompresa inavuta hewa ya Malindi na kuikandamiza, maji yanabaki tangini. Mara ya kwanza tulipofungua yangu yalitoka maji ya rangi ya matofali kwa muda mrefu kabla upepo haujatoka. Dereva wangu sasa haondoki garini bila kusikia ule mlio.

Kuhusu spea, hili ndilo lingenipa shida zaidi kama mzee yule asingenifundisha. Usitafute kwa kuandika “mipira ya breki ya Bedford”. Utaletewa ya TK, Bedford ya raia, na vingine vinafanana kwa macho lakini havikai. Kila kipuli cha gari la jeshi la nchi za NATO kina namba yake ya tarakimu 13. Nne za kwanza ni kundi la kitu, mbili zinazofuata ni nchi iliyokisajili, na 99 ni Uingereza, kisha saba za kitu chenyewe. Namba hizo zimo katika kitabu cha spea cha jeshi, na mara nyingine zimechapwa kwenye kibandiko cha kipuli chenyewe. Ukiandika namba nzima kwa muuzaji wa mali za jeshi, unaletewa kitu chenyewe, mara nyingi kikiwa bado kwenye karatasi yake ya nta.

Hapo kuna mtego. Muuzaji mmoja wa ng'ambo aliniletea mipira ya breki “mipya kabisa”. Kweli ilikuwa haijaguswa, pakiti haijafunguliwa, namba ni yenyewe. Lakini tarehe ya kufungwa iliyochapwa kwenye pakiti ilikuwa ya miaka ya 1980. Nikakunja mpira mmoja kati ya vidole viwili, ukafanya nyufa. Fani, nati, gia, vioo vya taa, hivyo nunua vya zamani bila wasiwasi. Chochote cha mpira, ulizia tarehe kabla hujalipa, na kama muuzaji anazunguka, mwache.

Umeme wake ni wa volti 24, betri mbili za volti 12 zimefungwa mfululizo. Mwenye gari kabla yangu alikuwa na redio, na fundi wake wa waya alichukua njia ya mkato: alitoa waya wa redio katikati, kwenye betri moja. Redio ililia vizuri. Betri zikawa zinakufa moja moja. Alternata inazichaji zote mbili kama kitu kimoja, kwa hiyo ile inayonyonywa haijai kamwe na mwenzake inachajiwa kupita kiasi hadi inachemka. Ukiona lori la namna hii lenye betri moja mpya na moja ya zamani, fuata waya utakuta redio au chaji ya simu. Konvata ya kushusha 24 hadi 12 ni kitu kidogo tu, ifunge na uachane na ujanja.

Na kabla hujamlipa mtu kutafuta kwa nini taa za breki haziwaki, tazama swichi kuu ya taa. Si swichi ya kawaida. Ina sehemu ya kusafiri kwa msafara usiku vitani, na ukiiacha hapo taa nyingi zinazimika kwa makusudi. Nilipolichukua, gereji ya kwanza ilikuwa imeshafungua nusu ya nyaya za nyuma kutafuta “shoti”. Mzee akageuza swichi, taa zikawaka, tukanyamaza wote. Baadaye tulipokwangua grisi ya miaka kwenye difu ya nyuma, lile tufe la gia katikati ya ekseli, tukakuta rangi nyeupe, na juu yake kataa kadogo, taa ndogo sana, kamejificha. Usiku wa vita dereva wa nyuma hufuata doa hilo jeupe tu, na ndege juu haioni kitu. Kataa hako nimekatengeneza ingawa hakana kazi. Vijana wa timboni wanakapenda.

Kutu sasa. Hapa ndipo lori lilipopoteza nyota. Chesi yenyewe ni nene na haikunitisha, bali kebini ni ya mabati yaliyokunjwa na kuungwa, na kila kiungo kinahifadhi chumvi. Ngazi za kupandia, pembe za chini ya kioo, na sakafu chini ya mkeka wa dereva: bonyeza kwa bisibisi, usiangalie rangi. Lori langu lilikuwa na matabaka ya kijani na meusi yaliyoshikana vizuri juu ya bati ambalo halikuwepo tena.

Welda wa gereji aliziba tundu la ngazi kwa pasta ya bodi na kulipaka. Nilimwambia akate mpaka bati safi, aunge jipya. Akakata, lakini kwa kununa. Kisha ukaja mjadala wa kupaka nini ndani ya viungo. Fundi mmoja mwenye ndugu wa kuunda majahazi akapendekeza sifa, mafuta ya maini ya papa, kwa kuwa yanalinda majahazi miaka yote. Sikubishana naye kuhusu ubora wake. Ila nilifikiria paka wa mji mzima wakilifuata lori hadi Mambrui, nikachagua nta ya kupuliza.

Jambo moja ambalo wageni wa Pwani hawalijui: kuosha gari kwa maji ya kisima ni kuliongezea chumvi. Visima vingi huku ni vya maji ya chumvi chumvi. Osha chini kwa maji ya bomba, yale ya Baricho, hata kama unangoja zamu. Na mzigo wa chumvi kutoka Gongoni sibebi, nimeshakataa kazi nzuri kwa sababu hiyo.

Rimu zinanitia hofu kuliko yote. Ni za vipande, zenye ringi ya chuma inayofunga tairi la 12.00-20. Ringi isipokaa sawasawa wakati wa kujaza upepo inaruka, na ikiruka inaua. Kabla ya kufungua, toa upepo wote na uchomoe ulimi wa vali. Wakati wa kujaza, zungushia minyororo au weka ndani ya kizimba cha chuma, tumia mpira mrefu wa upepo, simama pembeni. Kijana wa kuziba pancha akikuambia hahitaji hayo, peleka tairi kwa mwingine. Mimi nilimwondoa mmoja mbele ya watu.

Barabarani? Ni jito la kazi, si gari la safari. Likibeba mzigo halifiki hata 80, kwa hiyo spidi gavana liliyofungiwa inaishi maisha ya raha. Injini iko nyuma ya viti, unaifikia kwa vifuniko vya pembeni nyuma ya milango. Ni vizuri kwa fundi, vibaya kwa mgongo wa dereva mwezi wa Februari. Usukani wangu hauna pawa, kugeuza ukiwa umesimama ni kazi ya mabega. Lile tundu la paa lilivuja likalowesha kiti hadi tulipobadilisha mpira wake. Lakini ukitoka lami, ukaingia mchangani na mzigo, ukavuta gia ya magurudumu ya mbele na gia ndogo, linakwenda tu, polepole, bila kelele za kuomba msaada. Rudisha gia ya mbele ukifika lami. Halina difu ya katikati, ya kuruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, na kwenye lami kavu ekseli zinapigana zenyewe hadi kitu kivunjike.

Kwa gereji iliyofanya kazi kubwa: walinionyesha kila kipuli walichotoa, hawakuniibia hata nati, na breki zimepita ukaguzi wa kila mwaka bila maneno. Hizo ni nyota tatu. Mbili zimekwenda na “kesho” isiyoisha, na ile pasta ya ngazini.

Bado wananishawishi niweke injini ya Isuzu. Hoja yao ina uzito, maana spea ya Isuzu unaipata Mombasa siku hiyo hiyo na nguvu ni nyingi zaidi. Ila giaboksi na gia ya kugawa nguvu za MK zilipangwa kwa injini yake, na sitaki kununua nguvu halafu ninunue giaboksi. Pampu ya dizeli ikinishinda ndipo nitakaa nao tena. Kwa sasa natafuta kitabu cha spea cha jeshi chenye michoro ya giaboksi, kwa sababu changu kina kurasa zilizong'oka hapo hapo ninapozihitaji. Mwenye nacho tuongee. Nalipa, au nabadilishana na mota ya waipa ya volti 24 niliyonayo ya ziada, inayofanya kazi.