Uzoefu wangu na kemostati ndogo ya mezani: sehemu za umeme ni safi, mipira ya pampu ndiyo kazi

Kifaa ninachokizungumzia hukuza bakteria mfululizo, kikiwaingizia lishe mpya na kutoa ya zamani. Ni cha kichupa kimoja cha kioo chenye ujazo wa kazi wa mililita 20, pampu mbili zinazosukuma majimaji kwa kukamua mpira, yaani bomba laini (moja ya kuingiza lishe, nyingine ya kutoa taka), kihisi cha mwanga, kipasha joto, magneti ya kukorogea na programu ya kuendesha vyote. Kinafanya kazi kwa namna mbili. Kama tabidostati, kinaongeza lishe kila OD (kipimo cha wingi wa seli kutokana na mwanga wanaouzuia) inapopanda juu ya kiwango ulichoweka. Kama kemostati, kinaingiza lishe kwa kasi ileile saa zote. Kwa kazi ya kwanza nakipa alama za juu. Kwa ya pili, matokeo yatategemea utakavyohangaika na mipira.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: kiwango cha kuzimua, yaani sehemu ya ujazo inayobadilishwa kila saa, ni mtiririko kwa saa ukigawanywa kwa ujazo. Ukitaka 0.3 kwa saa, mililita 20 zinahitaji mililita 6 kwa saa, yaani 144 kwa siku. Mambo yakitulia, bakteria hukua kwa kasi hiyohiyo ya kuzimuliwa, kwa hiyo kosa la pampu ni kosa la kila namba utakayoandika. Usiamini kipimo kilichokuja na programu. Mpira mpya wa silikoni hulegea ukianza kukamuliwa. Uzungushie maji usiku kucha kwanza, halafu pima kwa mizani, gramu moja ya maji ukiihesabu mililita moja, chupa ya lishe ikiwa kwenye kimo kilekile itakapokaa wakati wa kazi. Baada ya hapo pima uzito wa chupa ya taka kila siku. Taka ya siku nzima ikipungua chini ya gramu 140 hivi, mpira umechoka: sogeza sehemu inayokamuliwa, upime upya.

Programu ilivyokuja huingiza mililita 1 kila dakika 10. Hiyo ni asilimia 5 ya ujazo kwa mkupuo, na seli zinashiba kisha zinakaa njaa. Badilisha iwe mililita 0.1 kila dakika.

Ujazo nao haushikwi na programu, unashikwa na kimo cha sindano ya kutolea taka. Kwenye kichupa chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 2.7, milimita moja ya kimo ni karibu mililita 0.57, takriban asilimia 3. Rekebisha sindano magneti ikiwa inazunguka, maana uso wa maji hubadilika umbo. Na pampu ya taka lazima iwe na kasi kuliko ya lishe, la sivyo kichupa kitafurika na chujio la hewa la mikroni 0.2 litalowa. Chujio likilowa hewa haipiti, shinikizo linapanda, na mpira dhaifu kuliko yote unachomoka.

Ubaya mkubwa wa muundo huu ni kwamba sindano ya lishe imeletwa ndefu mno, ncha yake inagusa maji. Bakteria hupanda nayo hadi kwenye chupa ya lishe, na lishe ikipoteza uangavu wake, jaribio limekwisha. Ikate au ivute juu ili lishe idondoke tone kwa tone bila kugusa maji wala ukuta.

Kihisi ni kizuri hadi OD ya 1 hivi. Juu ya hapo linganisha na spektrofotomita (mashine ya maabara ya kupima mwanga) na uchore mkunjo wako mwenyewe wa ulinganisho. Mapovu huleta kelele, basi zima hewa na mkorogo sekunde chache kabla ya kusoma. Tatizo zito zaidi ni utando wa bakteria kwenye kioo. Kifaa kinausoma kama seli zilizo majini, kinazidi kuzimua, na grafu inakuonyesha ukuaji unaopanda vizuri ajabu. Toa sampuli, ipime nje. Namba zikitofautiana, ni utando. Tena wanaonata ukutani hawaoshwi na mtiririko, kwa hiyo bila kukusudia unachagua wanaojua kunata. Dawa ni kuhamishia majimaji kwenye kichupa kipya kilichotakaswa kila baada ya siku chache.

Kwa bakteria wa E. coli kwenye lishe ya chumvi na glukosi, nyuzi 37, kujigawa huchukua kama saa moja, yaani ukuaji wa juu ni karibu 0.7 kwa saa. Ukizimua kwa kasi kuliko hapo, zote zinaoshwa. Hiyo 0.3 ni salama na bado inakupa vizazi kama 10 kwa siku. Glukosi iwe gramu 0.2 kwa lita, ichemshwe kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kutakasia) peke yake, mbali na fosfeti. Magnesi na kalisi ziongezwe mwishoni zisigande. Acha bakteria wakue bila mtiririko hadi OD ikaribie 0.3, ndipo uwashe pampu. Subiri ujazo ubadilike mara 5, karibu saa 17, ambapo lishe ya mwanzo inabaki chini ya asilimia 1. Kisha weka glukosi mara mbili: OD isipopanda mara mbili, kinachobana si sukari, mara nyingi ni oksijeni.

Chagua namna ya kuendesha kulingana na unachotafuta. Tabidostati inapendelea wakuaji wa haraka palipo na shibe. Kemostati, tangu wanasayansi Novick na Szilard walipoieleza mwaka 1950, inapendelea wanaonyakua chakula adimu. Hifadhi sampuli kila siku kwenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi -80.

Hamira inayoganda mabonge hukidanganya kihisi kabisa. Seli za mamalia zinazojigawa mara moja kwa siku zingehitaji chini ya mililita 0.6 kwa saa, kasi ambayo pampu hii haiwezi kuishikilia sawasawa, na hakuna chujio la kuzizuia seli zisitoke na taka. Kwa kazi hiyo tafuta mtambo wenye kizuizi cha seli.