Daktari wa mifugo anayefika nyumbani jijini Mbeya: tathmini ya huduma kwa kasuku anayejinyonyoa manyoya

Wafugaji wa kasuku jijini Mbeya ni wachache, na huduma za mifugo tulizo nazo huku Nyanda za Juu Kusini zimejengwa zaidi kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku. Mtu mwenye kasuku anayejinyonyoa manyoya hubaki na njia mbili: aende kwenye duka la dawa za mifugo akaeleze shida yake kaunta, au amtafute daktari atakayekubali kuja kumwona ndege mwenyewe. Nyumbani kwa mama mkwe wangu, mtaa wa Forest, njia zote mbili zimetumika kwa kasuku mmoja wa kijivu aitwaye Sultani. Tathmini hii inahusu hasa njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu inastahili fedha zake, ijapokuwa ina upungufu ambao ni vizuri mtu akaujua kabla ya kupiga simu.

Duka halitatuchukua muda mrefu. Lipo maeneo ya Mwanjelwa, lina dawa za kila aina, na muuzaji wake ni mtu mwenye adabu; lakini alipoambiwa kwamba ndege ananyonyoka, alitoa papo hapo unga wa kuua utitiri wa kuku pamoja na pakiti ya vitamini za kuchanganya kwenye maji, bila kuuliza ndege ni wa aina gani, anakula nini wala analala wapi. Utitiri ni adui wa kweli katika banda la kuku wa kienyeji, ila kwa kasuku anayeishi peke yake ndani ya nyumba ni nadra kuwa ndio chanzo cha kujinyonyoa, na ndege ambaye kutwa nzima anapitisha mdomo kwenye manyoya yake atakula unga wowote atakaopakwa. Vitamini za kwenye maji nazo hubadilisha ladha, ndege akapunguza kunywa, na maji yenyewe huharibika upesi. Pakiti zote mbili bado zipo kabatini.

Daktari alianza kazi kabla hajafika. Kwenye simu alisema ndege asipandishwe bajaji kwa sababu ilikuwa kipupwe, na upepo wa asubuhi wa Mbeya si wa kumpitishia kiumbe asiye na manyoya kifuani. Akaagiza chini ya tundu itandikwe karatasi nyeupe usiku ili akute kinyesi cha usiku mzima, kisha akauliza kama familia ina kibali cha kumfuga. Swali hilo lilimshangaza mama, lakini ni swali halali: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, na kasuku wa kijivu aliingizwa mwaka 2016 katika Kiambatisho cha kwanza cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani CITES, ambacho kinazuia biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini. Kibali kilikuwepo. Nampa daktari alama kwa kuuliza mapema, kwa kuwa wapo wanaotibu kwanza na kuuliza baadaye, au wasiulize kabisa.

Alipofika alimwamkia mama, akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," kisha akaomba kiti, akakaa pembeni ya sebule bila kumsogelea ndege, akimtazama tu huku akizungumza na mama habari za mvua na bei ya mahindi. Mtu asiyejua angedhani anapoteza muda. Baadaye alieleza kwamba kasuku ni ndege anayewindwa porini, na mbele ya mgeni huficha udhaifu wake. Ukimkamata mara moja unaona hofu, huoni ugonjwa.

Kilichoonekana kilikuwa hivi. Kifua na mapaja ya Sultani vilikuwa vitupu, ngozi ya waridi yenye vipele vidogovidogo mfano wa kuku aliyetoka kunyonyolewa kwa maji ya moto, na hapa na pale vijiti vya manyoya vilivyokatwa katikati vikichomoza. Mkia mwekundu ulikuwa mzima. Shingo na kichwa vilikuwa na manyoya yake yote, ya kijivu yenye kingo nyeupe, yamepangika kama ya ndege asiye na tatizo lolote.

"Mama, unaona kichwa chake?" daktari aliuliza. "Hapo mdomo wake haufiki. Ingekuwa ugonjwa wa kuangusha manyoya, na kichwa nacho kingenyonyoka. Huyu anajinyonyoa mwenyewe. Sasa tutafute anachokikimbia."

Kipimo hicho cha macho hakigharimu chochote, na kila mwenye kasuku anaweza kukifanya kabla hajatumia shilingi. Hata hivyo hakimalizi uchunguzi, maana ndege anaweza kujinyonyoa kwa sababu ya maumivu au muwasho unaotoka ndani ya mwili: ini lililoharibika, maambukizi ya ngozi, upungufu wa vitamini A au wa madini ya chokaa, sumu ya zinki au ya risasi. Kwa hiyo alimfunga taulo, akampima uzito kwa mzani wa jikoni na kumkuta ndani ya gramu 400 hadi 500 ambazo ni za kawaida kwa kasuku wa kijivu, akamfungua mdomo kwa tochi, akapapasa mfupa wa kifua, na kinyesi akakiweka chini ya hadubini ndogo aliyokuja nayo kwenye begi. Kazi hiyo yote aliifanya akiwa na barakoa na glavu, kwa kuwa kasuku wanaweza kumwambukiza binadamu homa inayoshambulia mapafu, na akasisitiza kwamba vumbi la manyoya chini ya tundu lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa likiwa kavu.

Kisha akaligeukia tundu. Lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea wa hapahapa mjini, kazi nzuri na imara, ila wavu wake ni ule uliopakwa zinki usishike kutu, na sehemu ya mbele ilikuwa imekwanguliwa hadi kung'aa kwa jinsi ndege alivyokuwa akiitafuna. Sidhani kama kuna fundi anayejua kwamba zinki hiyo, ikimezwa kidogokidogo, humdhuru kasuku. Kwa kuku haina shida kwa sababu kuku hatafuni wavu. Ushauri wa daktari ulikuwa wavu ubadilishwe kwa fito za chuma kisichoshika kutu, na wakati fedha zinatafutwa, uliopo usuguliwe kwa brashi na siki na kusuuzwa vizuri ili utoke ule ungaunga mweupe. Fito hizo ni ghali, na hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote nitakazozitaja.

Hapo ndipo mipaka ya huduma hii inapoonekana. Daktari hana kipimo cha zinki kwenye damu, hana eksirei ya kumtosha ndege, na hawezi kupima hapa Mbeya ule ugonjwa wa virusi unaoharibu mdomo na manyoya ya kasuku. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo chake Iringa kinachohudumia kanda hii, lakini mzigo wake mkubwa ni wa ng'ombe na kuku, na daktari hakuahidi kwamba kitampa jibu la kasuku. Alisema wazi kwamba anatibu kwa kuondoa yale yanayowezekana kuondolewa, na kwamba hali ikizidi itabidi ndege apelekwe Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwangu mimi ukweli huo ulikuwa na thamani kuliko chupa ya dawa ya kukisia.

Sehemu iliyobaki ya maagizo yake haikuhusu dawa hata kidogo. Lishe ya Sultani, tangu kwa aliyekuwa naye kabla ya mama, ilikuwa alizeti na karanga. Alizeti ni zao letu na inapatikana kila gengeni, lakini ina mafuta mengi, na vitamini A na chokaa ni haba. Karanga nazo zikihifadhiwa kwenye unyevu hushika ukungu wenye sumukuvu inayoharibu ini. Daktari aliagiza alizeti ipunguzwe polepole, kwa kuwa kasuku anayenyimwa ghafla anaweza kugoma kula, na nafasi yake ichukuliwe na karoti, viazi vitamu vya njano, majani ya maboga, mchicha, mahindi mabichi na maharage yaliyopikwa yakaiva sawasawa. Parachichi alilipiga marufuku kabisa. Kwa watu wa Mbeya, Rungwe na Njombe, ambao parachichi huanguka uani bila mtu kuliokota, agizo hili linahitaji kurudiwa mbele ya kila mgeni na kila mtoto, maana tunda hilo lina kemikali inayoweza kumuua kasuku. Kahawa na chokoleti ni vivyo hivyo.

Hewa ilifuata. Kuanzia Juni hewa yetu hukauka, na nyumba nyingi huingiza jiko la mkaa sebuleni jioni, kwa hiyo ndege anapata ukavu na moshi kwa pamoja. Jiko lilihamishwa. Sultani sasa hunyunyiziwa maji ya uvuguvugu asubuhi jua likishapanda, kisha hutolewa kibarazani akauke, kwa sababu mwanga wa jua unaopita kwenye kioo cha dirisha umepungukiwa na ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D. Usiku hufunikwa na kuhamishiwa chumba kisicho na televisheni, apate saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Kwa mama, ambaye alizoea kutazama taarifa ya habari na ndege wake pembeni, hili lilikuwa gumu kuliko suala la chakula.

Lakini kiini cha huduma hii, na sababu ya mimi kuandika, ni saa nzima ambayo daktari aliitumia kutufundisha kumpa ndege kazi. Porini kasuku hutumia sehemu kubwa ya siku akitafuta chakula, akimenya, akipasua na kuruka kutoka mti hadi mti. Ndani ya tundu bakuli limejaa, anamaliza kula muda mfupi tu, na mdomo ule wenye nguvu ya kuvunja kokwa unabaki bila kazi, basi unaligeukia lililo karibu, ambalo ni kifua chake mwenyewe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California cha Davis, uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu kasuku wachanga wa Amazon, ulionyesha kwamba kuwapa ndege chakula cha kutafuta na vitu vya kuchezea kulizuia kujinyonyoa na hata kukapunguza kwa wale walioanza. Daktari alichukua gunzi la mahindi, akachomeka mbegu kwenye vishimo vyake, akalifunga kwa maganda makavu ya mahindi yaleyale na kulining'iniza juu ya tundu. Akakata kipande cha mwanzi (Iringa unajulikana zaidi kwa pombe ya ulanzi), akakitoboa matundu, akatia karanga moja iliyosokotwa kwenye karatasi. Matawi ya mpera yenye magome yakachukua nafasi ya fimbo laini ya plastiki. Gharama ya vyote ilikuwa sifuri, na nimeona vifaa vya aina hiyohiyo vya plastiki vikiuzwa kwa bei ya gunia la mahindi.

Jambo moja alilisema kwa uangalifu mkubwa, akijua anazungumza na mtu mzima kwake. Kila Sultani alipong'oa unyoya, mama alikuwa akikimbia na kupaza sauti, "We Sultani, acha!" Kwa kasuku, hayo ni mazungumzo. "Mama, ukimwita wakati ananyonyoa, anaona amekuita wewe," daktari alisema. "Mwite anapochezea gunzi." Mama alicheka, lakini amelishika. Aliambiwa pia asimpapase mgongoni, kwa sababu kasuku huliona hilo kama uchumba na mwili wake huamka kwa ajili ya kuzaliana. Kuhusu kola ya plastiki ya shingoni, daktari anayo, ila humvisha ndege anayejikata nyama tu, kwa kuwa inazuia mdomo bila kugusa sababu.

Matokeo si ya miujiza. Mapajani manyoya yamerudi, na kifuani kumeota sufi laini ya kijivu ambayo Sultani bado huing'oa kidogo siku nyumba inapokuwa na wageni wengi. Katikati ya kifua kuna sehemu ambayo daktari anaamini haitaota tena, kwani ngozi inayong'olewa unyoya kwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuuotesha. Ndege anakula vizuri na anapiga kelele za asubuhi ambazo majirani walikuwa wamezisahau.

Malalamiko yangu ni mawili. Ufuatiliaji ni dhaifu: ujumbe wa simu hujibiwa baada ya siku kadhaa, na maagizo hayakuandikwa popote, ikabidi mimi niyaandike kwenye daftari wakati anazungumza. Pili, bei ya shilingi 50,000 kwa ziara moja, bila nauli, haisemwi hadi mtu aulize, na kwa familia nyingi hiyo si fedha ya kutamkiwa mlangoni.

Anayetaka kumwita ampigie jioni ya kuamkia siku anayomhitaji, kwa sababu asubuhi na mapema huwa kwenye mabanda ya ng'ombe upande wa Uyole na hawezi kupokea. Aandae karatasi nyeupe chini ya tundu, kibali, daftari, na magunzi mawili matatu yaliyokauka, yasiyo na ukungu.