Seti ya sili za haidroliki ya Massey Ferguson 135 na 240: inaponya nini, haiponyi nini

Ukifika kwenye maduka ya spea ya Kampala ukasema trekta yako ya Massey 135 hainyanyui plau, mara nyingi utawekewa mezani kipakiti cha nailoni chenye oringi, ringi za pistoni na gasketi za karatasi. Hiyo ndiyo seti ya sili, na ni bidhaa nzuri. Kwa mwenye trekta ya zamani kule Masindi au Kiryandongo, inaweza kuokoa msimu wa kulima bila kununua pampu nzima. Tatizo ni kwamba inauzwa kama dawa ya kila ugonjwa. Kazi yake ni moja tu: kuziba mahali oili yenye presha inapovuja ndani ya haidroliki, yaani mfumo wa kunyanyua kwa nguvu ya oili. Kama ugonjwa si uvujaji, umetupa pesa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, tazama mikono ya kunyanyulia plau, ile ya nyuma ya trekta, inafanya nini.

Isipopanda kabisa, usikimbilie sili. Pampu ya 135 imelala ndani ya oili chini ya kava la juu, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma kuendesha vifaa.   Kwanza chomoa kijiti cha kupimia oili upande wa kulia. Oili hiyo hiyo ndiyo ya gia, ya difu na ya haidroliki, jumla karibu lita 30. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na njia yake ya kawaida ni mpira wa fimbo ya gia au ule wa springi ya toplinki (fimbo ya juu inayoshika plau) nyuma, ukishapasuka. Katika mfumo huu wa Ferguson vali ya kuongoza iko upande ambao pampu inanyonya, si upande inakosukuma. Kutu au uchafu ukiigandisha imefunga, pampu inakosa oili na mikono inabaki chini. Ikiganda upande wa pili, mikono inapanda na kukataa kushuka. Sili mpya haziondoi kutu. Hapo inahitajika kumwaga oili ikiwa ya moto, kuosha chujio, na kuifungua vali yenyewe.

Mikono ikipanda kisha ikawa inatikisika juu chini bila kutulia, au plau ikizama mara tu injini inapozimwa, huo sasa ndio ugonjwa wa seti hii. Oili inatoroka, mikono inashuka kidogo, vali inafunguka, pampu inarudisha, na mchezo unaendelea. Swali ni inatorokea wapi, na jibu linapatikana bila kung'oa kava la juu.

Pandisha plau, kisha weka magogo imara chini yake ili isiweze kukuangukia, lakini yaache nafasi kidogo mzigo uendelee kuning'inia kwenye mikono. Zima injini. Mwaga oili mpaka ishuke chini ya tundu la kava la ubavu wa kulia, fungua kava hilo, umulike ndani kwa tochi. Oili ikimiminika kutoka mdomo wa silinda inayonyanyua mikono, ringi au sili ya pistoni imekwisha. Ikitoka kwenye vali ya usalama, hiyo vali ibadilishwe nzima. Ikiteremka kando ya bomba lililosimama kati ya pampu na kava la juu, tatizo ni oringi za bomba. Angalia kwa macho. Usiguse chirizi la oili kwa kidole, maana presha yake inapenya ngozi, na usiwashe injini mkono ukiwa ndani.

Anza na bomba hilo hata kama huna uhakika. Oringi zake ndizo spea rahisi kuliko zote ndani ya kipakiti, na unazifikia kwa kufungua kifuniko kidogo cha juu upande wa kulia chini ya kiti, kisha unachomoa bomba kwenda juu. Kava la juu halijaguswa. Fundi anayeanza kwa kung'oa kava lote amejipa kazi ya siku nzima isiyo ya lazima. Na kama ni lazima kava ling'olewe, bomba litoke kwanza. Ukilisahau, litapinda au kuvunja mdomo wa pampu.

Sasa ubora wenyewe. Seti huja kutoka India, Pakistani, Uturuki na Ulaya, na jina la kwenye karatasi halikuambii mengi. Bonyeza oringi kwa ukucha: nzuri inarudi bila kuacha alama. Iangalie kwenye mwanga. Mshono wa moldi ukisimama kama ukingo, iache. Ringi za chuma ziingize moja moja ndani ya silinda ukizisawazisha kwa kichwa cha pistoni, upime pengo la ncha zake kwa fila geji (bapa nyembamba za kupimia mapengo). Ringi inayoacha pengo pana kuliko kiwango cha kitabu cha trekta itavuja tangu siku ya kwanza. Tena nenda dukani na pistoni yako mkononi. Pistoni nyingine zinatumia ringi za chuma, nyingine sili ya mpira yenye ringi ngumu ya kuikinga, na muuzaji anaweza kukupa ile isiyo yako.

Kabla ya kufunga, pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye mkwaruzo, hakuna sili itakayokaa hapo, nunua silinda. Mpira paka oili, usiuburute juu ya ukingo wa chuma. Oringi ikae upande wa presha na ringi ngumu nyuma yake. Ukizigeuza, mpira unakatika mapema, na hapo ndipo lawama nyingi dhidi ya seti hizi zinapoanzia. Mapengo ya ringi za chuma yasielekeane.

Gasketi za kipakitini ndizo sehemu dhaifu. Nyingi ni nyembamba na huchanika unapozipanga, hivyo ongeza moja ya kava la juu ya karatasi nzito. Silikoni isichukue nafasi yake: ile inayobanwa nje huangukia ndani na kuishia kwenye chujio la pampu. Kava ni zito, litundike kwa cheni bloki, na uache kava la ubavu wazi ili mkono uongoze lever za ndani mahali pake wakati linashuka. Likishakaa, kaza bolti kwa kupishana, hatua kwa hatua.

Jaza oili ya trekta inayofaa gia na haidroliki pamoja. Oili nzito ya gia ya 90 inaipa pampu taabu ya kunyonya, hasa asubuhi. Jerikeni moja ya lita 20 haitoshi, na ambayo sili ya kifuniko imeguswa usiichukue.

Mipira miwili, wa fimbo ya gia na wa springi ya toplinki, haimo ndani ya kipakiti. Inunue siku hiyo hiyo. Ukiwa nyuma hapo, sukuma na kuvuta kishikio cha toplinki kwa mkono: kikicheza, springi imelegea na plau itaruka ruka ardhini hata kama sili zote ni mpya.